Afisa wa ordinatere na vijana wenye diplome: maneno yaliyosemwa Kikula, Likasi



Leo nitazungumza juu ya kazi ya jeshi na infomatiki. Mutu ataniuliza: shiye vijana raia, tusio na silaha, mambo ya jeshi inatuhusu nini? Inatuhusu. Mwezi wa Novemba 2022, Rais aliita vijana waingie jeshini kwa ajili ya vita ya Kivu. Tangu pale, mwenye lisansi anayekaa nyumbani anasikia: nenda uvae uniforme, njo kazi iliyobaki. Kulinda inchi ni heshima. Lakini swali langu ni hili: jeshi na Leta wanataka mikono yetu tu, ao wanataka pia kile tulichosoma?

Tuangalie afisa mumoja wa Marekani, mwanamuke, Grace Hopper. Alizaliwa New York mwaka 1906, akapata dokta ya hesabu kwenye universite ya Yale mwaka 1934, akawa profesa. Vita ilipokuja, aliomba kuingia jeshi la majini. Walimukatalia: umri umepita, na kilo hazitoshi. Hakuachia. Mwisho walimupa ruhusa, akaingia Desemba 1943, akamaliza mafunzo akiwa wa kwanza. Hawakumupa bunduki. Walimutuma Harvard kwenye Mark I, ordinatere kubwa iliyojaza chumba kizima. Yeye njo aliandika kitabu cha kueleza namna ya kuitumia, zaidi ya ukurasa 500.

Sasa musikilize vizuri, juu hapa hadithi inafika kwetu. Mwaka 1944 mashini ile ilipiga hesabu za bomu ya atomu. Wale walioiendesha hawakuambiwa hesabu ni ya nini. Na sehemu kubwa ya uraniumu ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, hapa karibu, wakati Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville. Babu zetu waliochimba, nao hawakuambiwa. Lakini kisha vita, yule wa mashini alibaki na ujuzi unaopanda kila mwaka. Yule wa shimo alibaki na shimo.

Angalieni ujuzi ule ulivyopanda. Mwaka 1952 Hopper alitengeneza programu inayoandaa programu zingine. Wengi walisema haiwezekani, ordinatere inajua kuhesabu tu. Halafu akapigania jambo lingine: mashini ifuate maneno ya kawaida ya batu, si alama za hesabu peke yake. Kutoka wazo lile, COBOL ilizaliwa mwaka 1959, na mpaka leo mabanki mengi yanaitumia. Jeshi lilimupumuzisha mwisho wa 1966. Mwaka 1967 likamurudisha kwa miezi sita, juu programu zake zilikuwa na fujo. Miezi sita ikawa karibu miaka makumi mbili! Aliacha kazi mwaka 1986, na miaka 79, akiwa na cheo cha admirali.

Alipofundisha, aligawia batu vipande vya waya wa simu, karibu sentimita 30. Ni urefu ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Waya wa simu ndani yake ni shaba. Shiye batu wa Likasi shaba tunaijua: tunaichimba, tunaiyeyusha, tunaipakia ku makamyo. Yeye kipande kidogo kilimutosha kufundisha wakubwa wa jeshi.

Sisemi tupige magoti mbele ya jeshi la mutu. Ujuzi unaweza kufungua, unaweza kufunga. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi nzima, karibu wiki tatu. Ile haikufanywa na bunduki. Ilifanywa na batu wa ofisi, kwa amri. Njo maana mwenye kujua mashini lazima ajue pia haki ya raia.

Hata mimi nilisoma infomatiki. Mahali nilipopeleka dosie, swali la kwanza halikuwa unajua kufanya nini. Lilikuwa: umetumwa na nani? Wengi hapa mumeulizwa vile. Hopper nafasi yake haikutoka kwa mujomba. Mulango ulifungwa, akagonga, ukafunguka, juu kulikuwa na mutihani na kuko kazi iliyomungojea.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu. Moja: kila nafasi ya kazi ya Leta hapa Likasi itangazwe wazi, mutihani ufanywe, na majina yabandikwe ku mulango pamoja na pointi. Mbili: jeshi likiandikisha vijana, liulize na kuandika kila mumoja alisoma nini, na limutumie pale. Vita ya leo ina drone, ina radio, ina ordinatere. Tatu ni yetu wenyewe: kila Posho, hapa Kikula, sisi wenye diplome tutafundisha bure mama wa soko na mwanafunzi, kwa Kiswahili chetu, namna ya kulinda pesa na siri zao ndani ya simu. Hiyo haingojei saini ya mukubwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jina la kujiandikisha liko ku meza pale.