Beleshi, Mgongo na Salongo: Maneno Tuliyowaambia Wanachama wa Tunda



Mvua ya mwezi wa tisa haiko mbali. Mifereji ya barabara imejaa udongo, na kila mmoja hapa anajua kinachofuata: mfereji ukiziba, maji yanapita katikati ya barabara, yanachimba shimo, na kinga yenye gunia la mpunga haipiti tena. Salongo ya kufungua mifereji ni ya lazima. Sisi tunaotembea vijiji kwa kazi ya chama tumekuja kusema jambo moja: namna ya kushika beleshi ili jioni urudi nyumbani mgongo ukiwa mzima.

Mtaniuliza, juu ya nini kufundisha beleshi watu walioshika beleshi tangu utoto? Juu ya maneno tunayosikia kila fasi: "Mugongo yangu imekatika." Familia iliyorudi toka ukimbizini haina bado akiba. Mgongo wa baba na wa mama ndio kasha ya nyumba. Mmoja akilala wakati wa kupanda, njaa inakuja miezi mitatu baadaye, wakati watu wamekwisha sahau salongo. Na shida hii si ya kwetu peke yetu: Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme udongo wa beleshi moja una kilo 5. Ukitupa mara 8 kwa dakika, ni kilo 40. Kwa nusu saa ni kilo 1,200, zaidi ya tani moja. Hakuna anayekubali kubeba tani moja, lakini kwa beleshi tunaibeba bila kujua. Udongo ukiwa na maji ndani, uzito unaongezeka tena.

Sasa, namna ya kufanya.

Kwanza, tembea kidogo, zungusha mabega, kunja magoti mara kadhaa. Mwili wa asubuhi bado umelala.

Pili, angalia mpini. Mpini mfupi unakulazimisha kuinama siku nzima. Beleshi likisimama chini, mpini ukufikie karibu na kifua. Anayeweka mpini mwenyewe asikate haraka: mti ukisha katwa haurefuki.

Tatu, toa maji kwanza. Fungua njia kwa jembe, acha maji yatiririke, halafu kata udongo vipande vidogo. Udongo mwekundu ukinata, lowesha beleshi kwa maji au likwangue kwa kijiti. Usilitingishe kwa nguvu, kiuno ndicho kinacholipa.

Nne, sukuma kabla ya kunyanyua. Ndugu zetu walio Canada wana kazi inayofanana na hii wakati wa baridi: theluji inaanguka usiku, asubuhi wanaiondoa mlangoni kwa beleshi. Huko wanafundishwa kanuni hii hii, sukuma kwanza, nyanyua ukikosa njia. Huko pia waganga wanaonya wazee na wenye ugonjwa wa moyo wasishike kazi hiyo, kwa sababu inachosha moyo kabla ya mikono.

Tano, ukilazimika kunyanyua, tanua miguu, mmoja mbele. Kunja magoti na nyonga, mgongo ubaki umenyooka. Mkono mmoja uwe karibu na chuma, na mzigo uwe karibu na tumbo. Jaza nusu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba inamaliza mfereji pia.

Sita, na hii ndiyo inayoumiza wengi: usipinde kiuno wakati wa kutupa. Miguu ibaki hapa, mabega yaende kule, udongo upite juu ya bega, hapo ndipo mgongo unalia. Geuza miguu kwanza, mwili wote utazame fasi unayotupa. Badilisha pia mkono wa mbele mara kwa mara.

Saba, fanyeni wawili wawili, beleshi moja. Mmoja anafanya robo saa, mwenzake anapumzika, anakunywa maji, anakwangua kingo kwa jembe. Halafu wanabadilishana.

Ukisikia maumivu, simama siku ile ile. Usilale kitandani wiki nzima. Tembea polepole, fanya kazi nyepesi, mgongo unapona ukitembea. Lakini mguu ukikosa nguvu, mkojo ukitoka bila kujua au ukikataa kutoka, fasi ya kukalia ikifa ganzi, au maumivu yakija pamoja na homa, usingoje dawa ya kienyeji. Nenda hospitali upesi.

Kuna neno lingine, na hili tunalisema kwa heshima. Wengi waliorudi wanajilazimisha zaidi ya wenyeji. Wanaogopa kuambiwa wavivu, au wageni katika kijiji cha babu yao. Mama mwenye mimba, aliyezaa juzi, mzee, aliyepasuliwa tumbo, wote wanakuja kushika beleshi ili jina liandikwe. Tunaomba wakubwa wa vijiji na kamati zetu: daftari ya salongo iandike aliyekuja, bila kuangalia chombo alichoshika. Kunyoosha kamba, kuleta maji, kupika, kuhesabu mita, hizo zote ni salongo. Jina la mama aliyepika lina haki sawa na jina la kijana aliyechimba.

Kwa ninyi wapaji: tunapoandika katika ripoti kwamba watu wawili walitumia beleshi moja, msione kwamba vyombo vimepungua. Ndivyo tunavyotaka. Beleshi la pili lingeondoa tu pumziko la mtu wa pili. Mkitaka kuongeza kitu, tusaidieni kupata mipini mirefu ya mti mzuri, inayochongwa na maseremala wa hapa hapa, pesa ibaki kijijini. Na kabla ya kununua vyombo vingi kwa bei ndogo, tuulizeni kwanza urefu.

Barabara tutaifungua tena kila mwaka, juu ya mvua inarudi kila mwaka. Mgongo hautengenezwi kwa salongo. Basi Jumamosi mje wawili wawili, mmoja na beleshi, mmoja na jembe, na maji ya kunywa. Tutaanza mapema kabla ya jua kali.