Vita Viliishaje? Swali Tusilowauliza Wazee wa Mara

Wazee wangu, mmepanda basi kutoka Kenyamonta kuja kunisikiliza.

Mtu akishajua kwamba mimi ni mwanahistoria, na kwamba kwetu ni Serengeti upande wa Ngoreme, maswali huja kwa mpangilio ule ule. Mmasai na Mkurya, nani alikuwa akimshinda mwenzake? Mjerumani alitolewaje Ikoma? Ni kweli kwamba mishale ilikuwa na sumu? Nayajibu yote kwa furaha, maana anayeuliza ameshaonyesha kwamba anajali yaliyopita. Kisha muulizaji husogea karibu, hupunguza sauti, na kutoa lile alilokuja nalo tangu mwanzo: "Lakini Profesa, kwenu vita si viko kwenye damu?"

Swali hili nimeulizwa na madereva, na waandishi wa habari, na siku moja na mwanazuoni mwenye shahada ya uzamivu. Watu huliunga mkono kwa ushahidi wanaouona wa kutosha: vijana wa Mara walivyojaa jeshini, mapigano ya koo za Tarime, wizi wa ng'ombe mpakani. Wangoreme, kwa kuwa lugha yetu na ya Wakurya zinasikilizana, tunawekwa humo humo bila kuulizwa. Leo nataka kuishughulikia nadharia hii ya damu mpaka mwisho wake, kwa sababu imekalia kiti cha swali jingine ambalo ni bora kuliko hilo.

Tuanze na jeshi. Waingereza waliingia Afrika Mashariki na imani waliyoikuza India, kwamba yako makabila yaliyoumbwa kwa ajili ya bunduki na mengine kwa ajili ya jembe. Maofisa wa King's African Rifles (KAR), jeshi lao la Afrika Mashariki, waliandika orodha zao na kuzibadilisha kila hali ilipobadilika. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu askari wa kawaida wa jeshi hilo, alizifuatilia orodha hizo na kuonyesha kitu kilicho wazi kikishaonyeshwa: kabila lilionekana la kijeshi pale vijana wake walipokuwa na kodi ya kulipa, hawana mazao ya biashara wala ajira nyingine ya maana, na mshahara wa askari ukawa ndiyo njia bora waliyo nayo. Njia nyingine zilipofunguka, "ushujaa wa asili" ulipungua.

Wakamba ndio mfano unaotosha. Katika karne ya 19 walijulikana kama wafanyabiashara, watu wa misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa. Kufikia Vita vya Pili vya Dunia wameshakuwa, kwa kalamu ya maofisa, askari kwa kuzaliwa. Je, damu ya watu hubadilika ndani ya miaka hamsini? Kilichobadilika ni ardhi yao, mifugo yao na kodi yao.

Kijana wa Mara naye alikwenda jeshini kwa hesabu anayoielewa kila mzee aliyeketi hapa. Mshahara uligeuka ng'ombe, ng'ombe wakageuka mahari, mahari ikageuka mji wenye watoto. Kama ni damu, basi niambieni kwa nini Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa nchi hii, Mrisho Sarakikya, alikuwa Mmeru, na kwa nini Hassan Ngwilizi, miongoni mwa makamanda waliokwenda Uganda katika vita vya Kagera, alitoka milima ya Lushoto. Najua mtanitajia Jenerali David Musuguri, Mzanaki wa Butiama, aliyejiunga na KAR mwaka 1942, akaongoza Divisheni ya 20 dhidi ya Idi Amin na kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Namheshimu sana. Lakini mtu aliyepitia mafunzo na nidhamu ya kijeshi kwa karibu miaka arobaini kabla ya kuteka Kampala hakuifikia kwa damu, na kusema hivyo ni kumnyang'anya kazi yake.

Ng'ombe je? Hapa kitabu cha kusoma ni cha Michael Fleisher kuhusu wizi wa mifugo Ukuryani, kilichotoka mwaka 2000. Fleisher aliishi Tarime katikati ya miaka ya tisini, na hoja yake ni kwamba wizi tunaouona si mila iliyogoma kufa. Ni biashara. Ukoloni ulileta soko la nyama, fedha na mpaka, na mpaka ule wa Kenya na Tanganyika ukawa mlango wa kupitishia mali ya wizi. Ng'ombe ambaye zamani angechukuliwa kwa adui na kubaki zizini kwa mshindi, sasa anavushwa usiku na kuuzwa kabla mwenyewe hajaamka. Haya si mambo ya mababu. Ni mambo ya bei.

Halafu kuna bunduki. Babu zetu walikuwa na upinde, mkuki na ngao. Silaha za moto ziliongezeka Tarime baada ya 1979, askari walipoanza kurudi kutoka Uganda na baadhi yao wakiwa wameficha walichookota. Fleisher anaeleza hili kwa urefu. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, na namkumbuka ndugu wa ukoo wetu aliyerudi na sanduku la bati, akalifukia nyuma ya ghala, na baba akakataa kula nyumbani kwake mpaka lilipofukuliwa na kupelekwa polisi. Jeshi letu, ambalo kabla ya vita lilikuwa na watu wasiozidi 40,000, lilivimba na mgambo wake mpaka kupita 150,000. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na redio ikatangaza. Huku kwetu vita vile vilikuwa ndiyo kwanza vinawasili.

Nimelitaja jambo hili la mwisho kwa makusudi. Kila mtu anajua jinsi vita vya Kagera vilivyoanza: uvamizi wa Oktoba 1978, daraja lililolipuliwa, hotuba ya Mwalimu. Watoto wa shule wanaweza kuyasema hayo bila daftari. Muulize mtu jinsi vilivyoisha, atakutajia mji uliotekwa. Kutekwa kwa mji ni tukio la kijeshi. Kuisha kwa vita ni kazi nyingine kabisa, yenye wafanyakazi wake, na historia yetu imewasahau wafanyakazi hao.

Nirudi basi kwa Mmasai, maana ndiye anayeulizwa zaidi. Profesa Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu kumbukumbu za mandhari ya Serengeti, anaiita nusu ya pili ya karne ya 19 kuwa zama za majanga: uvamizi wa Wamasai, njaa, ndui, sotoka. Wanaoijua kazi yake hawahitaji nirudie jinsi watu wa magharibi ya Serengeti, Wanata, Waikoma, Waishenyi na Wangoreme, walivyojipanga upya kwa rika na kukusanyika katika makazi yenye ulinzi. Ninachotaka kuuliza ni kimoja. Uvamizi ule ulikomaje?

Haukukomeshwa na pigano kubwa. Mnamo 1890 na 1891 sotoka ilipita na kuua ng'ombe wa Wamasai karibu wote, ndui ikafuata. Machi 1892 Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alishuka katika kreta ya Ngorongoro na kukuta watu waliobaki mifupa, wakizunguka mahema yake kutafuta makombo. Kisha akavuka Serengeti kuelekea ziwani, akipita katika nchi za watu ambao miaka michache nyuma waliishi kwa hofu ya hao hao waliokuwa wakiomba chakula. Wamasai wengi walikimbilia kwa wakulima, kila upande wa nchi yao. Walipokelewa. Kijana wa kizazi cha leo, aliyekuzwa kwa masimulizi ya nani alimpiga nani, hana mahali pa kuliweka tendo hilo la kupokea. Linamshangaza, na limwache ashangae, maana hapo ndipo historia inapoanza kumfundisha.

Na sasa niwaombe subira, kwa sababu nimefika kwenye ukurasa ninaoupenda kuliko kurasa zote zilizoandikwa kuhusu vita katika sehemu hii ya dunia. Uko katika kitabu cha A. C. Hollis, The Masai, kilichochapishwa Oxford mwaka 1905. Hollis alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na baadaye alikuja kuwa Mwakilishi Mkuu wa Uingereza Zanzibar. Sifa yake kubwa ni kwamba aliwaacha Wamasai waseme kwa Kimasai, akapanga maneno yao juu ya karatasi kwanza na tafsiri yake baadaye. Kitabu kina ngao, alama za ngao, mapambo ya wapiganaji, na wasomaji wake wengi wamekwenda huko huko kwenye ngao. Ukisonga mbele, baada ya hayo yote, unakuta maelezo ya jinsi amani inavyofanywa na adui.

Wazee hukutana, ndiyo. Lakini wazee hawatoshi. Kila upande huleta ng'ombe mwenye ndama na mwanamke mwenye mtoto mchanga. Ng'ombe hao hubadilishana wamiliki. Kisha wale akina mama hubadilishana watoto: mtoto wa adui hunyonya titi la Mmasai, na mtoto wa Mmasai hunyonya titi la adui. Baada ya hapo kila mmoja hurudi kwake akijua kwamba amani imefungwa.

Tazameni alichoombwa yule mama. Hakuombwa kusamehe kwa maneno. Pengine amempoteza mume au kaka mikononi mwa watu walioketi mbele yake, na anaombwa kumlisha mtoto wao kwa mwili wake, huku akimwona mtoto wake mwenyewe mikononi mwa mwanamke anayeweza kumdhuru kwa kumbana tu. Hakuna hakikisho la amani kubwa kuliko hilo. Na tazameni hesabu iliyomo ndani yake: mtoto huyo akikua atakuwa kijana wa rika la vita miaka kumi na minane baadaye, wakati wazee waliokutana siku ile wengi wao wameshazikwa. Mkataba umeandikwa kwa yule atakayekuwa na uwezo wa kuuvunja. Nimesoma mikataba ya Berlin na ya Versailles, nikaifundisha kwa miaka mingi, na sijaona kifungu chenye akili ya namna hii.

Wenzangu watanipinga, na wamekwisha kunipinga kwenye semina zetu. Watasema Hollis alieleza zaidi kanuni kuliko matukio. Kwamba amani nyingine zilivunjwa kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Kwamba Wamasai waliendelea kuvamia. Hoja hizo zina uzito. Sidai kwamba desturi hii ilizuia kila vita, wala kwamba ilifanyika kila mahali kwa namna moja. Nadai kwamba watu waliokuwa na desturi kama hiyo walikuwa wamefikiri juu ya mwisho wa vita kwa kina kuliko walivyofikiri juu ya mwanzo wake, na kwamba anayewaeleza kwa ngao zao peke yake ameandika nusu ya historia. Baada ya kuzipima hoja zote za upande wa pili, bado ninaamini hivyo.

Vita Kuu ya Kwanza nitaigusa tu. Vijana hupenda kisa cha Kapteni Wintgens wa jeshi la Wajerumani, na baada yake Naumann, ambao kikosi chao kilitoroka kuelekea kaskazini mwaka 1917 na kufika hadi boma la Ikoma, ambako Juni mwaka huo kiliwapiga Wabelgiji. Ni kisa cha kusisimua. Lakini mamia ya watu wenye bunduki wanaotembea bila ghala wanakula nini? Wanakula akiba ya mwenye nyumba. Mkuu wao, Von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Aliyeporwa mtama wake Ikoma, kwake tarehe hiyo haikumaliza kitu.

Nimalizie na Tarime ya siku zetu, ambako maswali haya si ya vitabuni. Wanchari na Warenchoka wamepigana, na koo nyingine pia, kwa sababu ya ardhi na mifugo. Serikali imeunda Kanda Maalum ya Kipolisi ya Tarime na Rorya, nayo imesaidia. Kumekuwa na vikao vya usuluhishi. Katika vikao nilivyohudhuria nimewaona viongozi wa serikali, wazee wa mila, viongozi wa dini na vijana waliochaguliwa kuwakilisha wenzao. Wanawake walikuwa jikoni, au nyuma kabisa wakisikiliza. Nilipouliza kwa nini hawakuketi na wengine, mzee mmoja mwenye busara nyingi alinijibu kwamba mwanamke huzaliwa ukoo huu na kuolewa ule, hivyo kaka zake wako upande mmoja na wanawe upande wa pili, na mtu wa namna hiyo hawezi kuwakilisha upande wowote.

Nilimwambia, kwa heshima anayostahili mtu wa umri wake, kwamba sababu aliyoitoa ndiyo inayonifanya nitake waketi mbele, na kwamba Wamasai wa Hollis wangemwelewa mwanamke huyo mara moja. Hatukukubaliana. Alinialika nirudi tuendelee na mazungumzo, na mwaka huu, wazee wangu, nitakapokuja Kenyamonta, nitavuka Mto Mara kwenda kwake. Nitakwenda na bibi zetu wawili ambao wako tayari kumweleza kile walichokisikia kwa mama zao.