Habari Huletwa na Mtu

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika semina ya kamati za sharika)



Nimepewa mada ya watu waliotangulia katika habari za televisheni hapa Afrika Mashariki. Kwa kuwa muda ni mfupi, nitawataja wawili tu: mmoja alifanya kazi nyuma ya kamera, mwingine mbele yake.

Wa kwanza ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix. Mwaka 1964 alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 alifungwa huko huko Zanzibar kwa karibu mwezi mzima, kisha akahamia Nairobi. Kumbukeni kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa miaka mingi kijana huyu wa Dar es Salaam alifanya kazi ambayo majirani zake wa zamani hawakuweza kuiona.

Oktoba 1984 alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Picha zake za njaa zilitangazwa tarehe 23 Oktoba, na baadaye zikaonyeshwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid huko London na Philadelphia kuchangia waathirika. Baadhi ya wahisani wetu mliomo humu huenda mlichangia mkiwa vijana.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alipoteza mkono wa kushoto, na mwenzake wa sauti, John Mathai, alipoteza maisha. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aliyokuwa akisafiria ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Wa pili ni Catherine Kasavuli. Alianza utangazaji wa redio katika Sauti ya Kenya mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 18, na mwaka 1985 akaanza kusoma habari kwenye televisheni. KTN, kituo cha kwanza cha televisheni cha binafsi nchini Kenya, kilipoanza mwaka 1990, yeye ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kusoma habari moja kwa moja hewani. Wasichana wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba kiti kile kinaweza kuwa chao. Alistaafu mwaka 2015, na mwaka 2021 akarudi KBC kusoma habari tena.

Mwaka uliofuata aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Ugonjwa wake haukufichwa, na wito wa kumchangia damu ulitolewa hadharani. Alifariki tarehe 29 Desemba 2022. Kwa ugonjwa ambao akina mama wengi huona aibu kuutaja, sura waliyoizoea sebuleni kwa miaka mingi ilikuwa na uzito kuliko bango lolote la hospitali. Saratani hii ikigunduliwa mapema hutibika, na hapa Tanzania chanjo ya HPV kwa wasichana inatolewa tangu mwaka 2018.

Ndugu zangu, wawili hawa wanatufundisha nini? Kwamba watu huchukua hatua pale wanapomwamini anayewaletea habari, na imani hiyo hujengwa kwa miaka. Amin alikuwa na zaidi ya miaka 20 kazini alipofika Korem.

Aidha, lipo onyo. Picha za mwaka 1984 ziliokoa maisha, lakini zilikosolewa baadaye kwamba ziliifanya dunia imwone Mwafrika kama mtu wa kusubiri kuokolewa tu. Kosa hilo tunaweza kulifanya hata sisi kwa simu zetu za mkononi. Hivyo basi, katibu wa kamati anapompiga picha mama kisimani, kwanza amwombe ruhusa. Amwulize jina lake kama yuko radhi litajwe, na aandike maneno aliyoyasema yeye mwenyewe. Nanyi wahisani, msituombe picha ya machozi ili mtoe. Tuulizeni mama huyo amesema nini, na kamati yake imefanya nini kabla ninyi hamjafika.