Ladha na Kiasi Chake Katika Chakula cha Nyumbani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka, Takaba)



Natoa shukrani kwa kupewa nafasi ya kusema habari za jikoni katika mkutano ambao kwa desturi husema habari za fedha. Mambo haya mawili hayako mbali. Wazee waliopo hapa wajua ni mara ngapi kisukari na shinikizo la damu vimetajwa tulipoombwa mchango wa mgonjwa.

Wageni hudhani ya kwamba chakula cha wafugaji ni maziwa na nyama tu, tena hakina ladha. Hilo si kweli. Mama zetu walikuwa wakikifukiza chombo cha maziwa kwa kijinga cha mti walioujua wenyewe, na moshi ule uliyapa maziwa harufu njema, tena ukayazuia yasiharibike upesi. Maziwa ya ngamia yana chumvichumvi yake, kwa kadiri ya malisho. Yakiachwa kukaa huchacha yakawa susa. Nyama ilikatwa nyembamba, ikaanikwa, ikakatwakatwa tena vipande vidogo na kukaangwa, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli, nayo ndiyo nyirinyiri, ambayo hukaa miezi bila kuoza. Buni nalo likakaangwa katika samli pamoja na maganda yake, likaleta uchungu. Basi hesabuni: chumvi, uchachu, uchungu, mafuta, moshi, na ule utamu wa nyama usiofanana na utamu wa sukari. Huo wa mwisho, Mjapani Kikunae Ikeda aliuchunguza mwaka 1908, akaupa jina na kuuhesabu kuwa ladha ya peke yake. Mama zetu walikuwa nao zamani ndani ya nyirinyiri.

Mizani hiyo imevunjika, wala si kwa uvivu wa wapishi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana. Mifugo ikafa, na watu wengi wakaja kukaa karibu na mji. Maziwa yalipopungua, uchachu na mafuta yake vikatoweka sufuriani, na mahali pake pakashikwa na wali, tambi na mahindi ya msaada, vyakula ambavyo peke yake havina ladha ya kumvuta mtoto. Mpishi akaziba pengo kwa vitu vya dukani vilivyo rahisi kupatikana: sukari, chumvi na vidonge vya mchuzi, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vidonge hivyo.

Sisemi tule chakula kisicho na ladha. Nasema tulitafute lile lililopotea kabla ya kuongeza lile lililozidi, na aghalabu lililopotea ni uchachu. Chukua sufuria ya mahindi na maharagwe. Mpishi aonja, aona pamepooza, atia chumvi. Aonja tena, atia tena. Badala yake, na atie chumvi mara moja kwa kiasi, kisha akiisha kuepua akamue ndimu, au atie maji ya ukwaju, au kijiko cha maziwa ya mgando. Uchachu huifanya chumvi iliyomo ijulikane zaidi ulimini. Ndimu isichemshwe, maana harufu yake hupotea na mvuke.

Hawaji nayo yahitaji adabu yake. Bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki, mdalasini, karafuu na manjano, vyote hivi havitoi harufu yake vizuri vikimwagwa katika maji yanayochemka. Vikaangwe kidogo katika mafuta mwanzoni, moto ukiwa mdogo, kwa kuwa harufu nyingi za viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Vikiungua huwa vichungu, na hapo hakuna dawa ila kuanza upya. Pilipili si ladha hata kidogo, bali ni maumivu ulimini, ingawa najua vijana hawatakubali.

Jambo moja zaidi, na hili ni la nchi yetu. Maji ya visima vingi vya mashine katika kaunti hizi za kaskazini mashariki yana chumvi. Yafaa mpishi ayaonje maji kabla hajatia chumvi katika wali. Na wale wasemao ati kiazi hunyonya chumvi iliyozidi, kiazi hunyonya mchuzi, na mchuzi uliobaki ni ule ule wenye chumvi. Chakula kilichozidi chumvi huongezwa maji au chakula kisichotiwa chumvi, basi.

Nabakiwa na chai, nami nasema hapa kwa heshima, kwa maana wengi wa wazee wangu huipenda tamu sana. Shirika lile lile lataka sukari ya kuongezwa isipite kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na lasema nusu ya hiyo ni bora zaidi. Nusu hiyo ni vijiko sita vya chai tu. Katika nyumba nyingi sukari hutiwa birikani, basi mzee hajui amekunywa vijiko vingapi hata jioni. Iliki, tangawizi na mdalasini huifanya chai ionekane tamu kuliko ilivyo, na maziwa ya ngamia yakipatikana husaidia sana.

Kwa ruhusa ya Mwenyekiti, nimewaomba mama waliopika leo wasitie sukari birikani. Bakuli la sukari liko mezani, na kijiko kimo ndani yake, kila mtu ajipimie mwenyewe huku akihesabu. Chai ina iliki ya kutosha, nayo ingali moto.