Kwa nini tunachimba kabla ya kuweka lami

Maelezo ya mhandisi wa barabara kwa wakazi wa Eastlands, katika kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya barabara za mitaa

Najua leo ni Jumamosi na wengi wenu mmefunga biashara ili mje hapa.

Nimesoma mapendekezo yenu. Karibu kila karatasi inasema jambo moja: tunataka lami, na tunataka ifike mbali. Mimi nimekuja kuwaomba kitu ambacho huenda kisiwapendeze. Naomba mkubali barabara fupi zaidi kwa pesa zile zile. Nipeni dakika chache nieleze.

Tuanze na udongo. Ukienda upande wa Dagoretti au Kangemi na uchimbe msingi, unakuta udongo mwekundu. Ukija huku kwetu, Donholm, Pipeline, Kayole, Njiru hadi Ruai, unakuta udongo mweusi wa pamba, ule fundi anauita "blak koton". Chini yake kuna mwamba, lakini kuufikia pengine ni futi tatu, pengine zaidi ya sita. Na si bahati nasibu kwamba sisi ndio tuko juu ya udongo huu. Serikali ya kikoloni ilitenga miinuko ya magharibi kwa Wazungu, na Waafrika wakapewa uwanda wa mashariki. Gharama yake tunailipa hadi leo kila tunapojenga barabara.

Udongo huu una chembe nyembamba mno, zimepangana kama kurasa za kitabu. Maji yakiingia kati ya kurasa, kitabu kinavimba. Jua likiwaka, kinanywea. Nyufa za Februari mmeziona wenyewe. Mtoto anaweza kupoteza mpira wa tenisi ndani yake. Masika yakifika Machi, nyufa hizo ndizo zinazopitisha maji hadi chini, na kufikia Mei ardhi imevimba na kulainika kama uji. Mvua za vuli zinarudia mchezo huo Oktoba. Kwa hiyo barabara inainuliwa na kushushwa mara mbili kwa mwaka, kabla hata gari moja halijapita.

Tuna kipimo cha nguvu ya udongo kilichobuniwa California miaka ya 1920. Mawe mazuri yaliyopondwa na kushindiliwa yanahesabiwa kuwa 100. Udongo mweusi uliolowa unaweza kupata 2 au 3. Juu ya hiyo 2 ndipo tunapopitisha lori la maji, lori la mchanga na lile la kunyonya maji taka.

Kuna wenye ndugu Minnesota au Kanada? Naona mikono. Waulizeni kuhusu barabara za huko. Baridi yetu ya Julai haigandishi maji, lakini huko maji yaliyo ardhini yanaganda, yanavuta maji mengine kutoka chini, na barabara inainuka. Majira ya baridi yakiisha barafu inayeyuka, ardhi inakuwa tope, na lami inapasuka. Ni ugonjwa ule ule wetu, ila wao unaletwa na barafu na sisi unaletwa na mvua na jua. Wamarekani waliuchunguza kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Walijenga barabara za majaribio wakapitisha malori juu yake kwa miaka miwili. Waliona kwamba ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu unaongezeka karibu mara 16. Waliona pia kwamba sehemu nyingi zilivunjika wakati barafu ilipoyeyuka, yaani ardhi ilipolowa. Ndiyo maana huko Minnesota uzito wa malori hupunguzwa kwa majuma kadhaa kila mwaka, hadi ardhi ikauke.

Sasa nitawaambia la kwangu. Miaka iliyopita nilisimamia barabara ya mtaa mmoja, sitautaja. Pesa zilitosha kilomita moja bila mitaro, au nusu yake ikiwa na mitaro. Wakazi walitaka kilomita. Wakubwa walitaka kilomita. Mimi nikatia sahihi. Siku ya kufungua tulipigwa picha nzuri sana. Masika ya pili, ufa ulitokea hatua moja kutoka ukingoni, ukaifuata barabara kama mstari wa rula. Mwaka uliofuata ukingo ulimeguka, na matatu zikawa zinapita katikati tu.

Sababu niliijua. Ukingo ndio unaolowa kwanza na kukauka kwanza. Katikati, chini ya lami, unyevu haubadiliki sana. Ukingo ukipanda na kushuka huku katikati imetulia, lazima barabara ikatike. Laiti ile nusu nyingine ya pesa ingeingia kwenye mitaro na kingo, mama mmoja wa pale asingekuwa anaanika nguo juu ya mashimo yetu akiniuliza kila nikipita, "Injinia, ile picha bado unayo?"

Kwa hiyo mkiona tingatinga limechimba wiki mbili na hakuna lami, msidhani pesa zimeliwa. Pale udongo mweusi ni mwembamba, tunautoa wote na kujaza moramu na mawe. Pale ni mnene mno, tunauchanganya na chokaa. Chokaa inapunguza kule kuvimba. Kisha tabaka za mawe, na lami inakuja mwisho, tena tunaipanua hadi kwenye bega la barabara ili ule ukingo unaolowa na kukauka uwe mbali na magurudumu. Kabro nayo ni nzuri kwa vichochoro, maana inang'olewa na kurudishwa. Lakini kabro juu ya udongo mweusi ambao haukutengenezwa itapanda na kushuka kama mawimbi. Baadhi yenu mmeiona.

Mtaro ndio mgumu zaidi, kwa sababu hauko mikononi mwangu peke yangu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini mitaro bado ina chupa, nepi na mabaki ya ujenzi. Vibanda vimekaa juu yake. Sisemi watu wasiuze. Nasema kibanda kikae nyuma ya mtaro, na mfuniko wake uweze kuinuliwa. Maji yakisimama hapo siku tatu, yanaingia chini ya barabara taratibu, na hutayaona hadi lami ipasuke.

La mwisho ni wale wanaokata barabara usiku kupitisha bomba la maji. Mnalirudishia shimo udongo ule ule mweusi, mnakanyaga kwa miguu, basi. Njooni ofisini mchana mwombe kibali. Shimo linatakiwa lijazwe moramu na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Na bomba likivuja, piga simu siku hiyo hiyo. Bomba linalovuja wakati wa kiangazi linaivimbisha ardhi mahali pamoja tu, na hilo ni baya kuliko mvua.

Karatasi ziko pale mezani kwa karani. Zina machaguo mawili: barabara ndefu bila mitaro, au fupi yenye mitaro na msingi uliotengenezwa. Nimeandika urefu wa kila moja na mahali itakapoishia, ili anayeishi mbele ya hapo ajue leo kwamba awamu hii haitamfikia. Mzee pale nyuma ameinua mkono kitambo. Karibu, mzee, uliza.