Kabla ya Kupima Umri wa Jiwe: Tatizo la Matumbawe Yaliyogeuka



Nimeombwa nieleze namna mawe ya chokaa ya baharini yanavyojengeka, yanavyobadilika na yanavyotunza habari za dunia ya kale. La kwanza sitalichelewesha. Matumbawe, konokono, mwani wenye chokaa na viumbe vidogo vya foraminifera huchota kalsiamu na kaboneti katika maji ya bahari, hujijengea mifupa na magamba, hufa, na mabaki yao hushikamana yakawa mwamba. Haya kila mmoja humu ameyasoma, na wengi wetu tumelala katika nyumba zilizojengwa kwa mawe hayo.

Kinachonikosesha usingizi ni hilo la pili.

Tumbawe hujenga mifupa ya aragonaiti. Bahari ikishuka, mwamba hubaki juu na mvua iliyobeba hewa ya ukaa huupenya. Maji hayo huyeyusha aragonaiti na kuacha kalsaiti mahali pake, na mara nyingi umbo halipotei: kuta na vyumba vya tumbawe bado vinaonekana kwa macho. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Katika kugeuka huko urani huingia au kutoka, kwa hiyo umri unaopimwa kwa urani na thoriamu hauaminiki tena. Oksijeni nayo huwa imechanganyika na ya mvua, ambayo ni nyepesi, na jiwe hudai bahari ilikuwa na joto kuliko ilivyokuwa kweli.

Kama miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9 hivi. Majabali ya matumbawe ya pwani zetu ni shahidi wa kupanda na kushuka huko, na ushahidi wake hauna thamani kama umri umekosewa.

Kwa miaka mingi nimesoma ripoti zenye majedwali mazuri ya umri na joto, bila mstari mmoja unaosema sampuli ilikuwa aragonaiti au kalsaiti. Nikiuliza, naambiwa jiwe lilidondoshewa asidi likatoa povu. Yote mawili hutoa povu! Chukua kipande, kikate, kisugue kiwe laini, kisha kipake myeyusho wa Feigl. Ukuta wa aragonaiti hugeuka mweusi. Kalsaiti hubaki na weupe wake, na mishipa yake inaonekana wazi ikipita katikati ya weusi. Kazi hiyo hufanyika mezani, kabla hata ya kutafuta mashine ya eksirei. Sina mamlaka ya kusemea bajeti za taasisi, na naelewa ugumu wa maabara zetu, ila kuruka hatua hii hakuokoi fedha yoyote.

Kosa hili la kuamini umbo bila kuchunguza kama limegeuka limewapata hata wakubwa. Kwa muda mrefu magamba ya foraminifera yalionyesha kwamba katika zama za Eosini bahari za tropiki zilikuwa na nyuzi 15 hadi 23 tu, ilhali ncha za dunia zilikuwa na joto. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake wakapima magamba yaliyofunikwa na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, mengine yakitoka hapa Tanzania, wakapata angalau nyuzi 28 hadi 32. Yale ya awali yalikuwa yamevikwa kalsaiti mpya iliyoganda kwenye baridi ya sakafu ya bahari. Uchorongaji uliofuata Kilwa na Lindi umeipa pwani yetu heshima kubwa katika elimu hii.

Mapendekezo yangu: sampuli yoyote ya tumbawe isipelekwe kupimwa umri kabla ya kuthibitishwa kuwa ni aragonaiti. Ripoti itaje hali ya jiwe, kwa picha ya hadubini, kabla ya kutaja tarakimu. Vyuo vifundishe upimaji huu mwaka wa kwanza, kwa vitendo. Mawe ya kore yatunzwe pakavu, yakiwa na lebo zinazosomeka. Narudia, nikijua nimeshalisema: bila kuthibitisha aragonaiti, umri usichapishwe. Na wenye machimbo ya chokaa tuwaombe, kwa maandishi na mapema, watuachie ukuta mmoja usiovunjwa katika kila chimbo, ili atakayetilia shaka vipimo vyetu apate pa kuchukua sampuli nyingine.