Mwajiriwa au Mkandarasi: Kinachoamua ni Kazi Yenyewe

Katika uhusiano wa kazi nchini Tanzania, swali la kama mtu ni mwajiriwa au ni mkandarasi wa kujitegemea, yaani mtu anayeuza huduma yake kwa mapatano na kubeba mwenyewe faida na hasara, lina uzito mkubwa, kwa sababu haki zilizomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zikiwemo likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo na kinga dhidi ya kuachishwa kazi kwa uonevu, zimewekwa kwa ajili ya mwajiriwa.

Fundi rangi anayepatana na mwenye nyumba bei ya kazi nzima, akaja na ngazi na brashi zake, akawalipa vibarua wake na kujipangia siku za kazi, ni mkandarasi hasa, kwani akikadiria vibaya hasara ni yake. Dereva anayekabidhiwa gari la kampuni kila asubuhi, akasaini daftari la mahudhurio, akapangiwa njia ya kupita na kulazimika kuomba ruhusa anapouguliwa na mtoto, ana hali nyingine kabisa, hata kama karatasi aliyotia saini inamwita mkandarasi.

Vipimo vya kutofautisha wawili hao vimo katika kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kinachosema kuwa anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo, mkataba wake uwe wa sura yoyote, endapo lipo hata jambo moja kati ya saba: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa za kazi, ni sehemu ya taasisi anayoitumikia, amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mwenye kazi kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamtumikia mtu mmoja tu. Mfanyakazi akishaonyesha moja kati ya hayo, mzigo wa kuthibitisha kinyume chake humwangukia mwenye kazi, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye aliyeandika mkataba na ndiye mwenye kutunza kumbukumbu.

Kumbandika mwajiriwa jina la mkandarasi ili kukwepa michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ni dhuluma ambayo uchungu wake huonekana uzeeni, mtu anapokuta hana akiba wala pensheni. Kwa hiyo kila anayefanya kazi na ahifadhi nakala ya mkataba, stakabadhi za malipo na ratiba za zamu, na anayeachishwa kazi kwa uonevu asikawie kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwani muda wa kufungua shauri la namna hiyo ni siku 30 tu.